Tusichome plastiki, na chupa za sumu zisirudi jikoni

Ndugu Mhariri,

Asubuhi za Juni na Julai, ukiitazama Mbeya kutoka miteremko ya Loleza, unaona moshi umetanda juu ya mapaa kama shuka. Haupandi wala hausogei. Ndivyo kipupwe cha nyanda zetu kilivyo. Usiku ardhi hupoa haraka, hewa ya baridi hushuka na kutuama mabondeni, na hewa yenye joto kidogo hukaa juu yake mithili ya kifuniko. Moshi wowote unaoanza kabla jua halijapanda hubaki palepale, usawa wa pua za watu. Njombe na Makete ni vilevile. Sehemu ya moshi huo ni kuni na mkaa. Sehemu nyingine ni plastiki: taka zilizofagiliwa jana uani na kutiwa kiberiti leo alfajiri, na nailoni za kuwashia jiko. Tunaomba nafasi katika gazeti lako tueleze moshi huo umebeba nini, plastiki ipi ifanyiwe nini, na hasa chupa za dawa za kilimo, ambazo katika mikoa yetu ndizo zinazotutia hofu kuliko taka nyingine zote za plastiki.

Kwanza, plastiki si kitu kimoja. Geuza kopo au ndoo utazame kitako chake. Vyombo vingi vina pembetatu ndogo yenye namba, kuanzia 1 mpaka 7. Namba 1 ni chupa za maji na soda. Namba 2 ni madumu, chupa nyingi za sabuni na chupa nyingi za viuatilifu. Namba 3 ni PVC, yaani mabomba ya maji, maganda ya nyaya za umeme, mazulia ya plastiki na baadhi ya maturubai. Namba 4 ni nailoni laini. Namba 5 ni ndoo, viti, viroba vya kusukwa, pamoja na ile mifuko mbadala tuliyoanza kubebea bidhaa baada ya tarehe 1 Juni 2019, mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku. Wengi huiita mifuko ya kitambaa. Si kitambaa, ni nyuzi za plastiki zilizobanwa kwa joto, na motoni hazina tofauti na ndoo. Namba 6 ni yale mapovu meupe mepesi yanayokinga televisheni ndani ya boksi, na namba 7 ni mchanganyiko wa zilizobaki.

Namba 2, 4 na 5 zimeundwa kwa kaboni na hidrojeni tu. Zingeungua kikamilifu zingetoa kaboni dayoksaidi na mvuke wa maji. Tatizo ni kwamba moto wa uani hauunguzi kikamilifu. Plastiki huyeyuka kabla ya kuwaka, hutiririka, hufunika taka zilizo chini na kuzinyima hewa, kisha rundo hufuka saa nzima. Hapo ndipo zinapotoka kaboni monoksaidi, masizi na kemikali kama benzopirini, ambayo taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani imeiweka katika kundi la vitu ambavyo hakuna shaka kwamba vinasababisha saratani kwa binadamu. Namba 6 hutoa moshi mzito mweusi kuliko zote. Sponji ya godoro hutoa sianidi. Asithubutu mtu kuichoma, hata kipande cha kiganja.

Namba 3 ina jambo lake peke yake. Katika kila kilo 100 za PVC halisi, karibu kilo 57 ni klorini. Ikipata moto, klorini hiyo hutoka kama gesi ya hidrojeni kloridi, na gesi hiyo ikikutana na unyevu wa macho, koo au mapafu, inageuka kuwa asidi. Kile kikohozi kikavu kinachomshika mtu akipita karibu na nyaya zinazochomwa ni asidi hiyo ikifanya kazi ndani ya koo. Zaidi ya hapo, PVC laini hulainishwa kwa kemikali ziitwazo thalati, ambazo zinaweza kufika theluthi ya uzito wake, na nyaya nyingi za zamani ziliimarishwa kwa madini ya risasi. Risasi haiungui. Hubaki kwenye majivu, na majivu ndiyo wanayochezea watoto.

Kisha kuna sumu ziitwazo daioksini. Hakuna kiwanda kinachozitengeneza kwa makusudi. Hujiunda zenyewe moshi unapopoa, kati ya nyuzi joto 200 na 450, pale masizi, klorini na madini ya kuchochea yanapokutana. Kati ya madini hayo, shaba ni mchochezi mkubwa. Sasa fikiria waya wa umeme: shaba iko ndani, PVC iko nje, na moto wa kufuka uko chini yake. Ukitaka kuziunguza taka za aina hii bila kuacha daioksini, unahitaji tanuri linaloshikilia moshi kwenye nyuzi 850 kwa sekunde 2 bila kushuka, na nyuzi 1,100 ikiwa klorini inazidi asilimia 1. Pipa lililotobolewa matundu haliwezi kazi hiyo, hata ukilijaza kuni. Ndiyo maana Mkataba wa Stockholm, mkataba wa kimataifa kuhusu sumu zisizooza haraka, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2004, unataja kwa majina uchomaji wa taka hadharani na uchomaji wa nyaya za shaba miongoni mwa vyanzo vya daioksini vya kudhibitiwa.

Kwa ndugu zetu wa vyuma chakavu, hasara ni mbili. Shaba iliyochomwa huwa nyeusi na huvunjika kirahisi, na wanunuzi wakubwa huipanga daraja la chini kuliko shaba inayong'aa. Kumenya hakuhitaji mashine. Chukua ubao mgumu, chonga mfereji wenye upana wa waya, kisha kaza kipande cha kisu kwa mshazari juu ya mfereji kwa misumari au skrubu, ukiacha nafasi ya shaba kupita chini ya makali. Ingiza ncha ya waya, ikamate kwa koleo upande wa pili na uvute. Ganda hupasuka urefu wote na kuvuliwa kwa mkono. Kisu kikiikwangua shaba, kipandishe kidogo. Ganda lisipopasuka, kishushe. Waya mwembamba sana haumenyeki hivyo. Uuzwe ukiwa na ganda lake.

Watu hutuuliza: moshi si unapeperuka, tatizo liko wapi? Liko kwenye yai. Daioksini hupenda mafuta na haziozi haraka udongoni. Kuku wa kienyeji huparua palipochomwa taka kwa sababu udongo wa hapo ni laini na una vumbi la kuogea. Kila anapodonoa hula majivu, na sumu hujikusanya kwenye kiini cha yai, ambacho karibu theluthi yake ni mafuta. Ng'ombe anayekula majani yaliyoangukiwa na masizi huipitisha kwenye maziwa. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, zaidi ya asilimia 90 ya daioksini zinazomfikia binadamu hupitia kwenye chakula, hasa nyama, maziwa, samaki na mayai. Zikishaingia mwilini, huchukua kati ya miaka 7 na 11 kupungua nusu. Anayeumia zaidi ni mtoto aliye tumboni. Kwa hiyo nyumba iliyowahi kuchoma taka uani iyazoe majivu yale pamoja na tabaka la juu la udongo, iyatie kwenye kiroba kilichofungwa, na ipazibe mahali hapo kwa kokoto au uzio ili kuku wasipaparue. Majivu hayo yasipelekwe bustanini wala chooni. Majivu ya mboga ni ya kuni peke yake.

Jikoni nako kuna mazoea mawili ya kuacha. La kwanza ni kuwashia mkaa kwa nailoni. Kipande ni kidogo, lakini huwashwa kila siku, ndani ya jiko lililofungwa dirisha kwa sababu ya baridi, mama akiwa ameinama na mtoto mgongoni. Moshi mbaya zaidi hutoka dakika hizo za mwanzo, mkaa ukiwa bado baridi, na matone yaliyoyeyuka huganda kwenye mkaa, yakaendelea kufuka chini ya sufuria. Nyanda hizi hazina upungufu wa vya kuwashia. Kuna magunzi, kuna vijiti vya misonobari, kuna vipande vya mbao vyenye utomvu kutoka mashine za Mafinga. Panga magunzi mawili au matatu yaliyopasuliwa chini, mkaa juu, washa jiko likiwa nje mlangoni, na uliingize ndani mkaa ukishakuwa mwekundu. Hata hivyo usiuache mkaa unaowaka kwenye chumba cha kulala, kwa maana gesi ya kaboni monoksaidi huua na haina harufu. Jihadhari pia na vipande vya nguzo au mbao zenye rangi ya kijani. Mara nyingi hiyo ni dawa ya kuzuia mchwa yenye shaba, kromiamu na aseniki, na aseniki hutoka na moshi.

Zoea la pili ni kufunika wali au viazi kwa nailoni ili mvuke usitoke. Nailoni haikutengenezwa kuvumilia mvuke wa chungu, na ile nyeusi aghalabu ni plastiki iliyoyeyushwa upya kutoka vitu visivyojulikana. Jani la mgomba hufanya kazi ileile, na Rungwe migomba haijaadimika.

Sasa tuje kwenye chupa za dawa.

Mkulima wa nyanya wa Ilula anayepambana na mdudu kantangaze, na mkulima wa viazi wa Njombe, Makete au Uporoto anayezuia ukungu, hupulizia mara nyingi katika msimu mmoja. Kila awamu huacha chupa na pakiti. Nyingi huishia pale bomba la kupulizia lilipojazwa maji, yaani ukingoni mwa kijito au pembeni ya kinyungu, bustani ya bondeni ilimwayo kiangazi. Maji ya vinyungu vya Iringa huingia Ruaha Mdogo, kisha Ruaha Mkuu, hatimaye bwawa la Mtera. Ya Rungwe hushuka na Kiwira mpaka Ziwa Nyasa. Baadhi ya viuatilifu, hasa vya jamii ya pairethroidi, huua samaki kwa kiasi kidogo mno kiasi kwamba masalia ya chupa moja si jambo dogo kwa kijito cha kiangazi.

Chupa ya lita 1 ukiimimina na kuidhania tupu, huwa imebakiza utando ukutani na matone kwenye shingo. Tuseme ni mililita 10. Ukiijaza maji lita nzima na kuyamwaga, mililita 10 zinazobaki zitakuwa zimepungua makali mara 101. Ukitia robo tu, mililita 250, ukatikisa na kumimina, makali hupungua mara 26. Robo ya pili huyapunguza mara 26 nyingine, na ya tatu vivyo hivyo: 26 mara 26 mara 26 ni 17,576. Umetumia maji mililita 750, pungufu ya lita, na chupa ni safi zaidi ya mara 170 kuliko ile iliyosuuzwa mara moja kwa lita nzima. Kwa hiyo usuuzaji ni mara tatu kwa maji kidogo kidogo, wala si mara moja kwa maji mengi.

Hufanyika hivi. Suuza muda uleule unapochanganya dawa, kabla masalia hayajakauka. Yakikauka hung'ang'ania na maji hayayatoi. Chota maji kwa ndoo na uchanganyie angalau mita 30 kutoka kijitoni. Vaa glovu za mpira, miwani au kinga ya uso, kwa kuwa dawa ya kwenye chupa haijazimuliwa na ni kali kuliko inayotoka kwenye nozeli. Weka maji nusu ya bomba la lita 16, mimina dawa uliyopima, kisha iinamishe chupa ichuruzike ndani ya bomba sekunde 30 tangu mkondo ulipogeuka matone. Tia maji robo ya chupa, funga kifuniko kwa nguvu, tikisa sekunde 30 ukiigeuza juu chini ili maji yafike begani na shingoni. Mimina bombani, subiri sekunde 30. Rudia mara mbili zaidi. Mara ya mwisho suuza na kifuniko kwa ndani, maana uzi wake huficha dawa nyingi. Baada ya hapo jaza bomba mpaka lita 16 na upulizie. Maji ya kusuuzia ni dawa uliyoilipia, yaende kwenye zao. Anayeyamwaga chini amepoteza fedha na amechafua udongo. Pakiti ya dawa ya unga nayo isuuzwe mara tatu. Ikate kona, itie maji robo, itikise, na mwishoni ipasue upande mmoja mzima.

Ukimaliza, toboa kitako cha chupa kwa msumari mnene au panga, matundu matatu au manne, bila kuiharibu lebo. Kutoboa ndiko kunakookoa maisha, na ndiko watu wanakokuonea uchungu. Msimu wa ulanzi, pombe ya mianzi, ukifika Iringa na Njombe, dumu lolote lenye kifuniko lina soko, na dumu la lita 5 lililokuwa na dawa ya magugu linaonekana zuri kabisa: jeupe, zito, lina mshikio. Mtu hulisugua kwa sabuni na mchanga mpaka harufu iishe, akaamini limetakata.

Halijatakata, wala haliwezi. Plastiki ya namba 2 ina asili ya mafuta. Dawa nyingi za kimiminika zimeyeyushwa kwenye mafuta ya kiwandani kama zailini, na chupa inapokaa rafuni miezi kadhaa, mafuta hayo pamoja na dawa huzama ndani ya ukuta wa plastiki. Maji ya kusuuzia huondoa kilicho juu tu. Kilichozama hubaki, kikisubiri kitu kinachopatana nacho. Mafuta ya kupikia hukitoa. Maziwa hukitoa, kwa kuwa yana mafuta. Ulanzi nao hukitoa kwa kileo chake, hasa ukikaa humo usiku kucha. Usuuzaji wa mara tatu unaifanya chupa iwe salama kubebwa na kuhifadhiwa. Haugeuzi chombo cha sumu kuwa chombo cha kunywea. Tukumbuke parakwati, dawa ya magugu ambayo funda moja tu laweza kuua na haina dawa ya kuizimua. Mtu akimeza kiuatilifu chochote, asitapishwe kwa nguvu wala kunyweshwa maziwa. Akimbizwe kituo cha afya pamoja na chupa au lebo, ili daktari ajue anapambana na nini.

Chupa hizo zisichomwe, kwa sababu dawa iliyozama hutoka na moshi, na chupa iliyofungwa hulipuka. Zisifukiwe shambani pia. Zitobolewe, zibanwe, zitiwe kwenye kiroba chao peke yao na kuwekwa stoo yenye kufuli, juu ya mbao, mbali na chakula na mifugo. Zikibanwa vizuri, hazichukui nafasi kubwa.

Muhimu zaidi, zisichanganywe na chupa za maji za kuuzwa kwa wakusanyaji. Chupa za maji zina mnunuzi, na kilo moja huhitaji chupa kama 70 hadi 100 za nusu lita. Zimwagwe, zivuliwe vifuniko, zibanwe. Vifuniko viuzwe pamoja na madumu, kwani ukitia vipande kwenye maji, vya namba 2, 4 na 5 huelea, vya namba 1 na 3 huzama. Kipande cha PVC kikijificha kwenye namba 1 huharibu mzigo mzima kiwandani: namba 1 huyeyuka kuanzia nyuzi 250 hivi, na kabla joto halijafika hapo PVC imeshaungua na kutoa asidi.

Kwa halmashauri zetu tuna maombi machache. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imewapa serikali za mitaa jukumu la taka ngumu, nasi hatuombi mitambo ya mabilioni. Takataka za masoko yetu kwa sehemu kubwa ni mabaki ya mboga na matunda. Pipa moja la vinavyooza na jingine la plastiki, likisimamiwa kweli, linapunguza kinachofika dampo na kinachowaka huko. Kuhusu vyombo vya viuatilifu, Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020 iliunda Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Tunaiomba mamlaka hiyo, pamoja na NEMC, yaani Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, iweke sharti kwa kila duka la pembejeo lililosajiliwa kupokea chupa zilizosuuzwa na kutobolewa, na kwa waagizaji wa dawa kuzikusanya kutoka huko. Vilevile wakae na kiwanda cha saruji cha Songwe waone kama tanuri lake laweza kuteketeza plastiki hizo. Tanuri la saruji huchoma malighafi kwa nyuzi zipatazo 1,450, na katika nchi nyingi ndilo linaloteketeza plastiki isiyo na mnunuzi, ilimradi PVC iondolewe kwanza, kwa kuwa klorini huziba njia za tanuri.

Mvua zetu huanza Novemba. Chupa za msimu huu wa vinyungu sasa hivi ziko kwenye kingo za vijito, na mvua ya kwanza ndiyo itakayozisomba. Tunaomba viroba vya kukusanyia viwe vimefika kwenye maduka ya pembejeo ya Ilula, Makambako, Njombe, Uyole na Tukuyu kabla ya Oktoba kwisha.

Ni sisi wasomaji wenu,
wataalamu wa kilimo na afya ya mazingira,
Nyanda za Juu Kusini